Familia za programu: acheni kunakili folda!

Nimepotea kwa wiki kadhaa, kazi zilinibana. Leo sina habari za simu mpya wala programu ya bure ya kupakua. Nina jambo linalonikera kuhusu namna sisi watengenezaji wa programu tunavyofanya kazi huku Eastlands, na nitalisema lilivyo.

Anza Makadara, fuata Jogoo Road, pitia Buruburu na Donholm, kisha Umoja hadi Kayole. Njiani utapita shule za kibinafsi hadi uchoke kuzihesabu. Nyingine ziko ndani ya jengo la ghorofa ambalo chini yake kuna duka la vifaa vya ujenzi. Shule hizi siku hizi zina kompyuta ofisini: karo iko humo, alama za mitihani ziko humo, mishahara ya walimu iko humo. Na mara nyingi mfumo wenyewe haukutoka kwa kampuni kubwa ya Westlands. Umetengenezwa na vijana wawili wenye laptopu na chumba cha kukodi juu ya duka la M-Pesa.

Sasa angalia wanavyoutengeneza. Shule ya kwanza wanaiandikia mfumo tangu mwanzo, miezi mitatu bila kulala vizuri. Shule ya pili ikija, wananakili folda nzima, wanabadilisha nembo na jina, wanaongeza sehemu ya basi la shule. Shule ya tatu pia ina basi, kwa hiyo wananakili folda ya pili, si ya kwanza. Shule ya nne haina basi lakini ina bweni... wananakili ya kwanza. Baada ya miaka miwili wana folda kumi na moja zilizozaliwa na mama mmoja, na hakuna hata moja inayofanana na nyingine kikamilifu.

Nisieleweke vibaya. Kunakili folda si uvivu. Shule ya pili inalipa leo, tena inataka mfumo kabla muhula haujafunguliwa. Ukinakili unamaliza kwa siku tatu. Mtu yeyote mwenye kodi ya nyumba ya kulipa angefanya hivyo. Shida ni kwamba bei ya folda ile hailipwi siku ya kunakili. Inalipwa siku kitu kinapobadilika, na inalipwa mara kumi na moja.

Na Kenya, wapendwa, vitu hubadilika!

Chukua mishahara peke yake. Kwa miaka mingi mchango wa NSSF ulikuwa shilingi 200, ukaandika 200 ndani ya msimbo ukasahau. Februari 2023 ukageuka kuwa asilimia 6 ya mshahara kwa ngazi mbili, na kiwango cha juu kikawa shilingi 1,080. Februari 2024 kikapanda hadi 2,160. Februari 2025 hadi 4,320. Ushuru wa nyumba ulianza Julai 2023 kwa asilimia 1.5. Mahakama Kuu ikasema Novemba mwaka huo kwamba haukufuata katiba. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa uendelee kukatwa, halafu Machi 2024 ukarudi kwa sheria mpya. Oktoba 2024 NHIF ikaondoka na SHIF ikaingia. Mwisho wa Desemba 2024 namna ya kukokotoa PAYE yenyewe ikaguswa, kwa sababu SHIF na ushuru wa nyumba sasa vinaondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kukokotolewa.

Upande wa masomo nako hivyo hivyo. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Wanafunzi wa mtaala mpya hawapewi A na B, wanaelezwa kama wamezidi matarajio, wameyafikia, wanayakaribia au wako chini yake. Tulipozoea viwango hivyo vinne, mtihani wa kwanza wa KJSEA mwaka 2025 ukagawa kila kimoja mara mbili, vikawa vinane.

Hakuna shule iliyoomba hata badiliko moja kati ya hayo. Yalishuka kutoka juu, yakaangukia folda zote kwa siku moja. Na wateja wa mtaani wengi wamezoea kulipa mara moja tu, wakati wa kuwekewa mfumo. Kwa hiyo kazi hiyo yote ni ya bure, mara kumi na moja.

Niliiona kwa macho yangu. Oktoba 2024 nilikuwa na wiki chache tu katika ofisi moja ndogo (sitaitaja jina) iliyokuwa na wateja wa namna hii. Mwisho wa mwezi ukafika, NHIF itoke, SHIF iingie. Katika baadhi ya folda hesabu ya NHIF ilikuwa mahali pamoja. Katika nyingine ilikuwa mahali patatu: ukurasa wa mishahara, ukurasa wa ripoti, na ndani kabisa ya faili inayochapisha hati ya mshahara. Aliyeiweka huko alikuwa amehama kazi. Folda moja ikasahaulika nusu, na shule moja ikakata wafanyakazi wake NHIF pamoja na SHIF.

Fikiria mpishi wa shule anayelipwa shilingi 15,000. Kwa jedwali la zamani la NHIF alikuwa akikatwa 600. Kwa SHIF, asilimia 2.75, anakatwa 412.50. Mwezi ule alikatwa vyote viwili, 1,012.50, na pesa zilimrudia baada ya wiki tatu na maneno mengi. Kwenye kompyuta lile ni kosa la mistari miwili. Kwake ni unga, sukari na nauli.

Sasa, tatizo hili si geni, wala si letu peke yetu. Chuoni tulifundishwa somo zima juu ya familia za programu, ila mifano yote ilikuwa ya meli za kivita na injini za magari, kwa hiyo tulilipita mtihani tukalisahau. Mwaka 1968, katika mkutano wa Garmisch, Ujerumani, Douglas McIlroy alikuwa tayari anataka programu zitengenezwe kwa vipande vinavyoweza kuchaguliwa, kama fundi anavyochagua bolti ya saizi anayotaka. Mwaka 1976 David Parnas akaandika makala kuhusu familia za programu, na wazo lake ndilo ninalolipenda zaidi hadi leo. Kwa maneno yangu: programu kadhaa ni familia pale inapokupa faida kuchunguza kwanza mambo zinazofanana, ndipo uchunguze kila moja inavyotofautiana.

Soma tena sentensi hiyo. Kuna mpangilio ndani yake. Kinachofanana kwanza, tofauti baadaye. Sisi na folda zetu tunafanya kinyume. Tunaanza na programu iliyokamilika ya mteja mmoja, pamoja na tofauti zake zote, halafu tunaikwangua ili imfae mwingine. Mabaki ya mteja wa kwanza hayaishi. Nimewahi kuona mfumo wa shule ya Kayole ambao bado ulikuwa na jina la njia za basi za shule ya Buruburu.

Mfano mzuri kabisa wa jambo hili hauko kwenye kitabu cha kompyuta. Uko Dandora.

Mradi wa Dandora ulianza 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukiwa na viwanja kama 6,000. Haukujenga nyumba nzima nzima. Barabara, maji, mabomba ya majitaka, na katika kila kiwanja choo na bafu, hivyo viliwekwa kwanza. Vyumba mwenye kiwanja alijenga mwenyewe, kwa pesa na nafasi yake. Aliyetaka vyumba viwili alijenga viwili, aliyetaka vya kupangisha alijenga vya kupangisha. Linganisha na Buruburu, iliyojengwa kwa awamu kuanzia miaka hiyo hiyo ya 1970, nyumba zikiwa zimekamilika na zinafanana. Leo pita Mumias South Road uone: huyu ametoa duka mbele, yule ameinua ghorofa nyuma, mwingine ameziba ua wote. Kila mmoja alibomoa mahali pake.

Buruburu ni nakala za folda. Dandora ni familia: aliyepanga alijiuliza ni kitu gani kila nyumba itakihitaji na ni vigumu kukibadilisha baadaye (bomba!), akakiweka yeye. Kingine chote akakiachia nafasi iliyojulikana. Najua, Dandora ya leo ina shida zake, na kote Eastlands kuna ghorofa zilizopanda juu ya mabomba yaliyopangiwa watu wachache. Hata hilo ni funzo kwetu: kiini kina kikomo, na aliyekijenga anapaswa kukijua.

Kwenye programu, mfano wetu wa Afrika Mashariki ni OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa. Ulianza 2004, na mizizi yake iko Eldoret, kwenye kazi ya AMPATH ya kuhudumia watu wenye virusi vya UKIMWI, ambayo ilitanguliwa na mfumo wa rekodi katika kituo cha afya cha Mosoriot mwaka 2001. Wangeweza kutengeneza mfumo wa Eldoret, halafu wakanakili kwa Rwanda, wakanakili tena kwa Uganda. Badala yake walijiuliza swali la Parnas: kliniki zote zinafanana wapi?

Jibu lao lilikuwa hili. Mimi na wewe tukiombwa kuhifadhi uzito na presha ya mgonjwa, tunatengeneza jedwali lenye safu ya uzito na safu ya presha. Kesho daktari akitaka joto la mwili, tunaongeza safu, tunabadilisha msimbo, na nakala zinaanza kuachana. OpenMRS ina kamusi ya maswali. Uzito ni ingizo katika kamusi, joto ni ingizo katika kamusi. Jedwali la majibu ni moja tu: mgonjwa nani, swali lipi, jibu gani, tarehe ipi. Kliniki inayotaka swali jipya inaliongeza kwenye kamusi, na msimbo haujaguswa. Kisicho swali, kwa mfano namna mpya ya kupanga miadi, kinaingia kama moduli inayochomekwa pembeni. Ndiyo sababu Kenya ina KenyaEMR na Uganda ina UgandaEMR, kila moja na fomu za wizara yake, na chini zote ni OpenMRS ile ile. Kiini kikirekebishwa, nchi zote zinaweza kuyachukua marekebisho hayo.

Si bure lakini. Ukihifadhi hivyo, kuchota ripoti ni kazi ngumu, kwa sababu majibu yamelala mstari mmoja mmoja na ripoti inayataka yakae pamoja. KenyaEMR inalazimika kuyapanga upya katika majedwali ya pembeni kwa ajili ya ripoti. Anayekuambia kuna muundo usio na gharama anakuuzia kitu.

Turudi shuleni. Ukiangalia zile folda kumi na moja kwa jicho hilo, unakuta karibu ugomvi wote uko sehemu tatu. Mambo wanafunzi wanayotozwa. Namna ya kutoa alama. Makato ya mishahara. Hizo tatu zitolewe ndani ya msimbo ziwe majedwali. Basi, bweni, chakula na vitabu visiwe safu, viwe maingizo katika orodha ya tozo. Makato nayo yawe na tarehe, hivi:

NHIF | kwa jedwali la viwango | hadi Septemba 2024
SHIF | asilimia 2.75, isipungue 300 | kuanzia Oktoba 2024
Nyumba | asilimia 1.5 | Julai 2023 hadi Januari 2024
Nyumba | asilimia 1.5 | kuanzia Machi 2024

Tazama ushuru wa nyumba ulivyo na mistari miwili. Mahakama ikisimamisha, unafunga mstari. Bunge likirudisha, unafungua mwingine. Na ukitaka kuchapisha upya hati ya mshahara ya Agosti 2023, mfumo unajua ni mstari upi ulikuwa hai siku hiyo. Kilichobaki ndani ya msimbo ni njia chache za kukokotoa: kwa jedwali, kwa asilimia, kwa ngazi, na kipi kinatangulia kipi. Badiliko la Desemba 2024 la PAYE lingekuwa gumu zaidi kuliko mengine kwa sababu liligusa huo mpangilio wenyewe, siyo viwango. Sawa. Lakini ni mara moja, siyo mara kumi na moja.

Wengine watasema, "Sisi tuna Git, kila mteja ana tawi lake." Wakuu, tawi moja kwa kila mteja ambalo halirudi kwenye shina ni folda iliyovaa suti. Jaribio ni rahisi: ukirekebisha kasoro leo, ni mara ngapi utarudia kazi hiyo hiyo? Kama jibu linategemea idadi ya wateja, huna familia, una watoto wa kambo.

Kuna ugonjwa wa upande wa pili pia, na unawapata zaidi wale waliosoma sana. Unagundua kwamba mfumo wa shule ni "nani anadaiwa nini na amelipa nini". Halafu unagundua kwamba mwenye ploti ya bedsita kule Umoja naye ana swali hilo hilo, na chama cha akina mama nacho hivyo hivyo, wote wanapokea kwa Paybill. Unapata mshituko wa furaha. Unaamua kuandika injini moja itakayowatosha wote! Namfahamu jamaa aliyetumia mwaka mzima kwenye injini kama hiyo. Ilikuwa na ukurasa wa mipangilio ambao hata yeye aliuogopa, na hakuwa na mteja hata mmoja. Ukishafanya kila kitu kuwa mpangilio umebuni lugha nyingine ya kuandikia programu, mbaya kuliko uliyoanza nayo, na sasa unamtaka mhasibu wa shule aiandike.

Linux ina swichi zaidi ya 10,000 za kuchagua kiini kiwe na nini, na ndiyo maana kiini hicho hicho kinaendesha simu ya Android mfukoni mwako na seva kubwa kabisa. Lakini Linux ina maelfu ya watu wa kuitunza. Wewe una mwenzako mmoja na laptopu mbili.

Msimamo wangu ni huu: usijenge familia kwa mteja wa kwanza. Mwandikie anachotaka, mwandikie vizuri. Wa pili, nakili kama umebanwa, hakuna atakayekushtaki. Wa tatu akibisha hodi, simama. Sasa una mifumo miwili halisi na mahitaji ya tatu, unaweza kuona kwa macho ni nini kinafanana na nini kinatofautiana, badala ya kuota. Omba wiki mbili zaidi. Chora mti kwenye karatasi, kama Kyo Kang na wenzake wa Carnegie Mellon walivyopendekeza mwaka 1990: lipi lazima kila shule iwe nalo, lipi ni hiari, wapi inachagua moja kati ya kadhaa. Hakuna programu ya kununua inayohitajika, kalamu inatosha. Na mwenye ploti mwache kwanza, yeye ni familia nyingine hadi athibitishe vinginevyo.

Mteja akija na ombi lake la kipekee, kwa mfano anataka mwanafunzi wa tatu kutoka nyumba moja apunguziwe karo, swali la kwanza si "naweza?" Bila shaka unaweza. Uliza kama shule nyingine itawahi kulitaka. Kama ndiyo, lijenge kama hiari kwa wote, na limezimwa kwa wasiolitaka. Kama hapana, liwe moduli ya pembeni anayoilipia yeye, tena kila mwaka. Ukimwambia bei ya kila mwaka utashangaa maombi mangapi ya kipekee yanavyokufa hapo hapo mezani.

Pingamizi moja lina uzito, nalo si la kiufundi. Mwenye shule anasema: "Nimelipa elfu arobaini, huu ni mfumo wangu, usimuuzie jirani yangu." Kwa folda za kunakili unaweza kumdanganya kwamba folda ni yake. Kwa familia huwezi, kwa sababu shina ni moja na jirani yuko ndani yake. Kwa hiyo liseme mapema na liandike. Mimi kwenye mkataba wangu naweka wazi kabla ya kupokea malipo ya kwanza: data ni yako, mipangilio ni yako, unaweza kuondoka nayo siku yoyote katika faili inayosomeka na Excel. Msimbo ni wangu, na marekebisho yanayotokana na sheria mpya utayapata kwa ada ya kila muhula. Shule mbili zilikataa kipengele hicho zikaenda kwa mtu mwingine. Zilizobaki ziko saba, na NSSF ikipanda huongeza mstari mmoja kwenye jedwali, nikafunga laptopu nikaenda kula.